Lushoto Wakati wa Baridi: Bustani ya Vuli Inaanza Julai

Mwambie rafiki yako wa Dar kwamba wikiendi ya Julai unakwenda Lushoto, atakuuliza swali moja tu: "Na baridi ile?" Mwache abaki na feni yake. Wewe na mwenzi wako fungasheni masweta, pandeni basi hadi Mombo, kisha mpandishe milima ya Usambara, kona baada ya kona, kilomita zipatazo 30 hadi mjini.

Wageni wengi hufika Irente, wakapiga picha ukingoni huku Mazinde ikionekana chini kabisa, halafu hao, hotelini kunywa chai. Picha ni muhimu, hatukatai. Lakini njiani punguzeni mwendo mtazame mashamba. Mabondeni, penye maji, kabichi na karoti za kupelekwa Dar na Tanga zinaendelea kama kawaida. Kwenye miteremko na nyuma ya nyumba ni kimya. Mahindi yamevunwa, mabua yamelala, unaweza kudhani wenyewe wamesafiri.

Wapo, tena wana kazi. Masika imeshapita, na vuli itaanza Oktoba au Novemba. Mvua ya kwanza kwenye mteremko mkali haina subira: ikikuta udongo mtupu inaondoka nao, pamoja na mbolea na mbegu zako. Ndiyo maana mitaro inachimbwa sasa kukingama mteremko, na udongo unatupwa upande wa juu. Wataalamu huyaita matuta ya "fanya juu". Ukingoni hupandwa mabingobingo ya kushikilia udongo, na ng'ombe naye anapata chakula chake.

Kuna kisa hapa ambacho wapenzi wanapaswa kukijua. Enzi za ukoloni, Waingereza walikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Usambara na kuwalazimisha watu kulima matuta. Watu walichukia, hasa kule Mlalo. Kazi ilikuwa nzito, faida hawakuiona, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Leo mtu anachimba mwenyewe, bila msimamizi, kwa sababu shamba ni lake na faida anaiona. Kwa hiyo ndugu yangu, kama unampangia mwenzako zamu ya kumwagilia bila kumuuliza anapenda kula mboga gani, usishangae akigoma.

Kazi nyingine ya kipupwe ni mboji. Unapanga tabaka la majani makavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, unanyunyiza maji na kurudia. Katikati unachomeka fimbo ndefu. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na samadi. Ligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Huchukua kama miezi mitatu kuiva, na kwenye baridi kali inaweza kuzidi. Sasa hesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba. Umeona? Unaangukia Julai.

Hapo ndipo wengi wetu wa mjini tunapokwama. Mmehamia nyumba yenu mpya, Goba au Kigamboni, kiwanja kidogo kipo. Mnasubiri wingu la kwanza, mnakimbilia miche, mnaichomeka kwenye udongo wa mchanga usio na chakula. Ikifika Desemba mboga zimedumaa, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Kumbe hakuna mvivu hapo, ila kazi ilianza imechelewa.

Kwa hiyo mkirudi kutoka Lushoto, kaeni mezani na kalenda. Julai, lundo la mboji kwenye kona yenye kivuli. Agosti, chimbeni matuta na mkusanye majani makavu ya matandazo. Septemba, sieni kitalu cha nyanya na sukuma wiki, maana miche huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa. Mvua ikishika, hamisheni jioni, jua likiwa limepoa.

Na safari ya pili ya Lushoto iwekeni Januari, msimu wa plamu na mafyulisi. Wakati huo mtakuwa mnazungumza na wenyeji kama wakulima wenzao.