Maneno Magumu, Simu Usiku

Wapo wanaojifunza Kiingereza kigumu kwa kamusi. Mimi na mume wangu tulichagua tanzia. Si zile za redioni, la hasha! Ni Julius Caesar ya Shakespeare. Yeye yuko Newala, kule juu kwenye korosho na baridi. Mimi niko Masasi, kazi yangu ya uhariri naifanyia nyumbani. Tunaonana wikiendi tu, na alikuwa anakabiliwa na usaili wa Kiingereza. Basi kila usiku tukawa tunasoma kwa simu, pembeni nimeweka Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, toleo la 1969.

Chukua neno “honourable”. Kamusi itakwambia mheshimiwa, imeisha hiyo. Lakini msikie Antony kwenye mazishi: anawaita hivyo waliomuua Caesar, anarudia, anarudia tena, mpaka sifa inageuka tusi. Mume wangu alicheka, akasema sasa hata Bunge atalisikiliza kwa sikio lingine. Neno lile halimtoki tena.

Halafu tukafika kwa Portia, mke wa Brutus. Mumewe halali usiku, naye anadai aambiwe kinachomsumbua. Hapo kuna “constancy”, yaani uthabiti. Portia amejijeruhi paja kuuthibitisha. Nikamweleza mwenzangu. Kimya.

“Mke wangu,” akasema, “hiyo kazi ni ya Dodoma. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.”

Kitabu tukakifunga. Tuliongea mpaka salio likaisha.