Sikio la kushoto la Dijei

Ndugu na dada wa hapa Nakivale na wa kambi zingine zote, leo tunawaandikia kuhusu redio. Msicheke kwanza, someni hadi mwisho.

Wengi wenu mnaijua ile mashine yetu. Ni hi-fi ya zamani, ya mtumba, tuliileta kutoka Mbarara: amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, deki ya kaseti, na spika mbili za mbao. Tunaiwasha kwa betri ya sola na inveta, kwenye chumba ambacho Papa mmoja wa mtaa wetu alitupatia kwa mikutano. Mwenye kuitunza ni mwenzetu tunayemwita Dijei. Kaseti zote anazijua kwa rangi.

Shida ilikuwa ukuta. Nyumba zetu mnazijua: udongo, mabati, mahali pengine turubai. Besi haiombi ruhusa, inaingia tu kwa jirani. Mama jirani alituvumilia wiki mbili, halafu usiku mmoja akaja akasimama mlangoni. Hakugomba. Alisema: "Wanangu, muziki si mubaya. Lakini ile ya chini, ile ya dum dum, ikianza usiku mimi nashika watoto naanza kutafuta viatu."

Hakuna aliyejibu. Sisi wote tunajua kutafuta viatu gizani ni nini.

Ndiyo tukachanga pesa, tukanunua hedifoni. Na hapo tulifanya ujinga ambao tunawaomba ninyi msiurudie. Jeki ya hedifoni ya siku hizi ni ndogo, milimita 3.5. Tundu la mbele kwenye amplifaya za zamani, lile lililoandikwa PHONES, ni kubwa, milimita 6.35. Haviingiliani. Badala ya kutafuta adapta, mmoja wetu akasema tukate waya tuufunge nyuma, pale pa spika. Tukafunga. Tukawasha. Ikalia "paa!" mara moja, ikatoa harufu ya plastiki, basi. Pesa ya watu sita imekwenda.

Fundi wa simu sokoni alitueleza bila kutucheka sana. Pale nyuma amplifaya inatoa wati nyingi za kusukuma spika, na hedifoni inahitaji sehemu ndogo sana ya wati moja. Halafu hedifoni inaunganisha waya wa kurudi wa kushoto na wa kulia pamoja, na kuna amplifaya ambazo hizo mbili zikigusana yenyewe ndiyo inaungua. Yetu ilipona kwa bahati.

Tulichanga tena, safari hii na adapta. Angalieni jeki yake: iwe na mistari miwili myeusi. Yenye mstari mmoja ni ya mono, na ukiichomeka kwenye tundu la stereo upande wa kulia unakufa. Shusha sauti hadi sifuri, chomeka, ndipo upandishe polepole. Amplifaya nyingi zinazima spika zenyewe ukichomeka, zingine zina swichi ya SPEAKERS unaizima kwa mkono. Kama mashine yenu haina tundu la PHONES, msichomeke hedifoni moja kwa moja kwenye yale matundu ya nyekundu na nyeupe ya TAPE OUT. Sauti itatoka hafifu, na kitasa cha sauti hakitaibadilisha. Hapo panahitaji amplifaya ndogo ya hedifoni katikati.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Tulipochomeka, Dijei alivaa wa kwanza. Akasikiliza, akasema: "Iko sawa kabisa, tuanze." Akavaa wa pili, akasema kushoto hakuna kitu. Wa tatu vilevile. Wote tukasema kushoto kumekufa, tukamcheka: Dijei gani wewe! Ilikuwa uchafu ndani ya tundu. Tulizima mashine, tukapaka jeki spiriti kidogo, tukaingiza na kutoa mara nyingi, kushoto kukarudi.

Tukaweka kaseti ya rumba, ile ambayo gitaa moja linakaa kushoto na lingine kulia. Kila mtu akasikiliza. Dijei akasema anasikia gitaa moja. Tukadhani anatania. Mmoja wetu akageuza hedifoni, ya kushoto akaiweka kulia. Dijei akanyamaza, halafu akasema: "Kumbe kuna gitaa lingine."

Kaseti hiyo ameipiga miaka mitatu.

Ndipo akatuambia. Alikuwa mdogo, wako njiani wanakimbia, sikio likaanza kutoa usaha. Hakukuwa na zahanati, kulikuwa na porini tu. Baadaye maumivu yakaisha, akahesabu limepona. Kwa spika hakutambua, kwa sababu sauti za pande zote mbili zinafika kwenye sikio lake zima. Shuleni alikaa nyuma, mwalimu akamwona mkaidi. Na sisi je? Mara ngapi tumemwita kutoka kushoto, hakugeuka, tukasema anajivuna? Tulimwomba msamaha palepale. Alisema hata yeye alidhani watu wote wanasikia hivyo.

Wawili wetu tulimsindikiza kituo cha afya. Muuguzi aliangalia na taa yake, akasema ngoma ya sikio ina tundu. Alimkataza kuingiza maji, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio mjini. Tarehe bado anaisubiri. Hatutawadanganya kwamba amepona.

Lakini kwenye mashine tulipata kitu. Amplifaya nyingi za zamani zina kitufe kimeandikwa MONO. Sisi tulikiona cha bure. Ukikibonyeza, sauti ya kushoto na ya kulia zinachanganywa, zinatoka zote kwenye kila sikio. Tulibonyeza. Usiku ule Dijei alisikiliza kaseti nzima, upande A na upande B, na hatukumuomba zamu.

Sasa tuna sheria kwa ajili ya sikio lake lililobaki na masikio yetu sote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Sisi kipimo hatuna. Tunapima hivi: ukivaa hedifoni, mtu aliye umbali wa mkono akisema na wewe kwa sauti ya kawaida na husikii, shusha.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, na walimu pia: kabla hamjaandika kwamba mtoto ni mtundu au hafuati, zungukeni upande wa pili mumwite tena. Haichukui hata dakika.

Mama jirani alikuja juzi kuuliza kama mashine imekufa. Alitukuta tumekaa kimya, wawili wanatikisa vichwa na wengine wanangoja zamu. Alicheka hadi akashika mlango.

Na sisi tumezoea kidogo kidogo: tukitaka kumwita Dijei, tunazunguka kulia.

Kwenu je, nani mnamwita haitiki?