Mchikichini hadi Tanga kwa pikipiki: Mwili wa msafiri ni amana

Kata yetu ya Mchikichini, wilayani Ilala, imepata jina lake kutokana na mchikichi, mti utoao mawese. Jirani yetu Kariakoo amebeba jina zito zaidi, kwani ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wale walibeba vita vya watu wengine kwa vichwa na mabega yao. Leo mpagazi wa mitaa hii ni pikipiki. Inabeba marobota ya mitumba, magunia ya vitunguu, wagonjwa, wanafunzi na, kila Idi inapokaribia, inabeba vijana wetu kwenda kwao Muheza, Korogwe, Morogoro na Rufiji.

Kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye ninayeandika daftari la michango ya wagonjwa. Kwa hiyo nawajua kwa majina vijana walioaga wakiwa wazima na wakarejeshwa wamelazwa nyuma ya pikapu. Wengi wao hawakuwa walevi wala wakorofi wa barabarani. Walichoka tu. Viganja vilikufa ganzi, macho yakajaa vumbi, kiuno kikakaza, na katika kufumba na kufumbua lori likawa mbele yao. Nyuma yao wamebaki wazazi, wake na watoto, na aghalabu mkataba wa pikipiki ambao haujamalizika kulipwa.

Hii ndiyo sababu ya kuandika juu ya raha ya mpanda pikipiki katika safari ndefu. Neno raha lisimfanye msomaji adhani tunazungumzia anasa. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa na una haki juu ya mwenyewe. Anayeuchosha kupita kiasi juu ya chombo chenye magurudumu mawili anaihatarisha amana hiyo, na pamoja nayo amana za watu wengine.

Maandalizi yanaanzia mtaani

Njia ninayoizungumzia nimeipita mara kadhaa, kwa kuwa wazazi wangu wanaishi Muheza. Kutoka Mchikichini hadi Tanga kwa kupitia Bagamoyo, Msata na Segera ni zaidi ya kilomita 300. Kwa bahati njema, karibu kila kinachohitajika kwa safari hiyo kinapatikana hapahapa kwetu.

La kwanza ni kiti. Viti vingi vya pikipiki za biashara vimekwisha kubonyea kwa kukaliwa mchana na usiku. Dereva hukimbilia sponji laini, akidhani ulaini ndio raha. Fundi mmoja mzee anayeshona viti jirani na msikiti wetu huwaambia vijana, "Mwanangu, sponji laini hukufurahisha hapa dukani. Ukifika Bagamoyo utakuwa umekalia chuma." Asemayo ni kweli. Sponji laini hubonyea lote chini ya mifupa ya makalio, na damu hushindwa kupita vizuri. Sponji gumu kiasi, pana, lililowekwa juu yake tabaka jembamba la laini, hugawa uzito na kumkalisha mtu kwa saa nyingi. Kiti kisiwe na mteremko wa mbele, maana mtu hutelezea tangini na kuanza kuegemea mikono yake.

La pili ni vazi. Mgeni hustaajabu kuona makoti mazito ya baridi yakiuzwa katika soko la mitumba la Karume, katika jiji ambalo watu hutokwa jasho hata wakiwa wamekaa kivulini. Wanunuzi wake wakubwa ni madereva wa pikipiki. Upepo wa mwendo hupoza kifua alfajiri, na jua likipanda, upepo huohuo hukausha jasho kabla mtu hajalihisi, akapoteza maji mengi bila kujua. Koti lisilopitisha upepo humlinda kwa yote mawili, na ndiyo maana wengi hulivaa mbele nyuma, mgongo wa koti ukawa ngao ya kifua. Aongeze glavu, viatu vya kufunika vifundo, na kofia ngumu inayomkaa sawasawa. Kofia inayobana huleta maumivu ya kichwa, na inayolegea hutikisika na kuchosha shingo, tena siku ya ajali haina msaada mkubwa. Kioo chake kiwe safi na kisichokwaruzika. Pamba kidogo masikioni hupunguza mvumo wa upepo, ambao ukisikilizwa kwa saa nne huchosha akili kuliko watu wanavyodhani.

La tatu ni chombo chenyewe. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi, cheni ikazwe na kupakwa mafuta, shokapu zikaguliwe. Cheni iliyolegea na tairi lililolika huleta mtetemo, na mtetemo ndio unaotia ganzi viganja.

Njiani

Mwenye kuondoka baada ya sala ya Alfajiri hushika Barabara ya Kawawa kupitia Magomeni hadi Morocco, kisha Mwenge, Tegeta na Bunju kabla foleni haijakaza. Akifika Mapinga ameingia Mkoa wa Pwani, na minazi inaanza kumkaribisha. Katika kipande hiki mwili bado ni mpya, na ndipo tabia njema ya kukaa hujengwa. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, viwiko vikunjwe kidogo, magoti yabane tangi, na uzito ubebwe na makalio na miguu. Mikono kazi yake ni kuongoza. Anayeushika usukani kwa nguvu kama anayening'inia juu ya kisima ataanza kuumwa mabega kabla hajaiona Bagamoyo.

Bagamoyo panastahili kusimama, japo kwa kikombe cha chai. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, na kabla ya hapo ulikuwa mwanzo na mwisho wa misafara ya wapagazi waliokwenda kwa miguu hadi Ujiji, ng'ambo ya bara, na kurejea na pembe za ndovu. Jirani ni Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Wapagazi wale walijua jambo ambalo dereva wa leo hulisahau kwa sababu ya injini, nalo ni kwamba safari hupimwa kwa mwili wa anayesafiri. Walikuwa na vituo vyao, penye maji na kivuli.

Dereva naye awe na vituo. Kila baada ya saa moja, au moja na nusu akizidisha, ashuke, avue kofia, atembee hatua mia mbili, anyooshe kiuno na vidole. Asingoje mpaka achoke, kwani uchovu ukishaingia mapumziko ya dakika kumi hayautoi. Anywe maji kidogo kidogo, na chakula kiwe chepesi. Sahani ya wali iliyojaa ikifuatwa na jua la saa nane mchana huleta usingizi, hata kwa aliyeko juu ya pikipiki.

Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami tulivu inayovuka bonde la Mto Ruvu. Msata mambo hubadilika. Hapo unaungana na barabara kuu itokayo Chalinze, yenye malori na mabasi ya Arusha na Moshi. Kila basi linalopishana nawe husukuma ukuta wa upepo. Dawa yake ni kubana tangi kwa magoti, kuinama kidogo na kulegeza mikono, maana mikono iliyokakamaa huupeleka msukumo wote kwenye usukani. Baada ya daraja la Wami huja Mkata, Kabuku, kisha Segera, ambapo wa Tanga hukunja kulia. Kuanzia hapo jua la alasiri huwa mgongoni, mashamba ya katani na michungwa ya Muheza yakiwa mbele.

Abiria wa nyuma

Safari nyingi za Idi ni za mume na mke. Hapa nawaomba akina mama wasome kwa makini. Buibui, khanga na shungi ndefu huweza kunaswa na cheni au gurudumu la nyuma, na madhara yake ni makubwa. Kukaa upande, miguu yote ikiwa kushoto, huonekana ni staha, lakini humwachia abiria mkono mmoja wa kujishikilia, humpinda kiuno na kukiyumbisha chombo. Avae suruali pana chini ya vazi lake, akae kwa kutanua miguu, akunje nguo na kuikalia chini ya mapaja, na mtandio uingizwe ndani ya koti. Sitara inabaki kamili, na roho inabaki salama. Kanzu ya mwanamume ina hukumu hiyohiyo.

Sala ni kituo

Sheria yetu imemwangalia msafiri kwa huruma. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, safari ya kufupisha sala hukadiriwa na wanazuoni wengi kuwa kilomita 80 na ushei. Anayeishia Bagamoyo hajafikia masafa hayo, hivyo husali kamili. Anayekusudia Tanga, akishatoka kwenye majengo ya mji, anaweza kufupisha hata akiwa Bagamoyo, na Adhuhuri na Alasiri anaweza kuzikusanya Segera. Mwenye safari hiyo ndani ya Ramadhani, akiwa ametoka mjini kabla ya alfajiri, ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asione haya kuipokea ruhusa hiyo wakati kiu inampofusha barabarani. Udhu wenyewe ni tiba, kwani huondoa vumbi usoni, hupoza mikono na kuipumzisha miguu iliyofungwa viatuni tangu alfajiri.

Familia nazo zina wajibu wao. Msafiri asipigiwe simu kila nusu saa kuulizwa amefika wapi, wala asiwekewe saa ya futari kama deni. Aeleze mapema vituo vyake, na yeye ndiye apige akifika kila kimoja. Usiku ukimkuta njiani amechoka, alale Mkata au Segera. Mama atakayengoja siku moja zaidi ni mwenye heri kuliko atakayepelekewa habari na polisi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na awarejeshe kwa watu wao wakiwa salama. Amin.