Mshahara Unaofika Kabambare

Sisi wa Maniema, huku Kongo, tumezoea kuwapima wakubwa wetu kwa vyeo. Nikiitafakari safari ya Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu aliyekuwa Waziri Mkuu, napenda kuuliza jambo jingine: je, mwalimu wa Kasongo au Kabambare alipokea mshahara wake wote, tena kwa wakati?

Matata aliingia Benki Kuu mwaka 1988, fedha yetu ya wakati ule, zaire, ikielekea kuporomoka. Mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mama aliyeuza gunia la mchele hakuweza, baada ya wiki chache, kununua gunia jingine kwa fedha ileile. Aliyejifunza kazi miaka ile alijua kwamba noti isiyoaminika humdhulumu maskini kwanza.

Mwaka 2003 alikwenda kuongoza BCECO, ofisi ya kusimamia fedha za wafadhili. Mwaka 2010 akawa Waziri wa Fedha, kisha Waziri Mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Bei zilitulia. Mishahara ya watumishi wa serikali ikaanza kupitia benki, badala ya kupita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akimega chake. Hilo nalithamini kuliko vyeo vyake vyote.

Lakini kwa walimu wengi wa vijijini benki ilikuwa mbali, na Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, ndilo lililobebeshwa kazi ya kuwafikishia fedha. Salamabila, huko Kabambare, ardhi inatoa dhahabu, na bado mwalimu husubiri. Mageuzi yaliyoandikwa Kinshasa hukamilika pale tu mtu wa mwisho anapopata haki yake.

Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata miaka kumi ya kazi ngumu katika kesi ya fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Mwenyewe alikana mashtaka. Najifunza kwamba sifa ya miaka mingi haimwondolei mtu wajibu wa kutoa hesabu; anayeshika mali ya umma ataulizwa mpaka faranga ya mwisho.

Kijana wa Kasongo unayetamani kazi ya benki, anza sasa. Ukikabidhiwa sanduku la likelemba, yaani mchango wa kupokezana, andika kila faranga mbele ya wenzako, na mpe kila mtu chake siku mliyopatana. Uaminifu wa kazi kubwa hujengwa huko.