Moshi Mmoja, Mapipa Matatu



Tafakari yetu ya juma hili inaanzia mezani, penye bilauri ndogo, na tunajua kwamba wapo watakaokunja uso wakisikia kilichokuwamo ndani yake. Kilikuwa wiski. Tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa maana somo tulilolipata jioni ile halikuwa la ulevi, wala hatukulipata kwa ulimi.

Tulikuwa wanne, marafiki wa tangu shule ya bweni, tuliokutana mjini Glasgow, Uskoti, nyumbani kwa mwenzetu afanyaye kazi ya uuguzi huko. Miaka mingi ilikuwa imepita pasipo kuonana sote kwa pamoja. Mwenyeji wetu alikuwa amekwenda kisiwani Islay majira ya kiangazi, akarudi na chupa tatu kutoka kiwanda kimoja, Ardbeg, ili siku tutakapokutana tuonje na kulinganisha. Alizipanga mezani, akaweka bilauri zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na jagi la maji. Alipomfikia mmoja wetu, yule aliyesafiri kwa treni kutoka mbali kuliko wote, huyo aliifunika bilauri yake kwa kiganja na kusema kwa upole, "Mimi nilikwisha kuacha, ndugu zangu. Huu ni mwaka wa nne."

Kukawa kimya. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na habari hiyo. Mwenyeji alinyosha mkono ili aziondoe chupa, lakini mwenzetu akamzuia: "Ziache. Ninyi onjeni, mimi nitanusa tu. Pua haijapata kumlewesha mtu." Tukacheka, tena tulicheka kwa kufarijika, kwa sababu tulikuwa tumetamani sana jioni ile isiharibike. Neno hilo la kufarijika tutalirudia.

Yafaa kwanza tueleze kilichokuwa mbele yetu. Islay ni kisiwa cha pwani ya magharibi ya Uskoti, na kukifikia ni safari ya zaidi ya saa mbili kwa kivuko kutoka bandari ya Kennacraig. Miti ni michache na upepo ni mwingi. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mboji ya kinamasi, yaani mimea iliyolala majini kwa maelfu ya miaka pasipo kuoza kabisa, ikajibana ikawa udongo mweusi mzito. Mboji hiyo hujijenga polepole mno, takriban milimita 1 kwa mwaka. Wenyeji huikata kama matofali, huianika, na kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa kuni zao. Shayiri inaporowekwa ikaota na kuwa kimea, hukaushwa juu ya moto, na moto huo ukiwa wa mboji, moshi wake huingia katika punje na hautoki tena. Kemikali za moshi huo huitwa fenoli. Hupimwa kwa sehemu katika milioni: kimea cha Lagavulin hufikia kama 35, na cha Ardbeg kama 55. Kiwanda cha Bruichladdich, katika wiski yake iitwayo Octomore, kimewahi kupita 300.

Msomaji wa kwetu asidhani kwamba jambo hili ni geni. Mfugaji hukifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti mteule kabla ya kutia maziwa, na atokaye nyumba hiyo huijua ladha ya kibuyu cha mama yake hata akifumba macho. Samaki wa moshi wa ziwani tunawajua. Tofauti ni kwamba Waskoti huufukiza mmea, kisha hukabidhi kazi iliyobaki kwa chombo kingine.

Chombo hicho ni pipa. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto, huchachushwa, kisha hunerekwa mara mbili katika mitambo ya shaba. Kinachotoka ni maji maangavu, makali, yenye moshi na yasiyo na rangi hata kidogo. Sheria ya mwaka 2009 inaagiza kwamba wiski ya Uskoti ikae katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3. Mti ndio unaoipa rangi ya asali au ya chai, ijapokuwa sheria inaruhusu kuongeza karameli. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wiski hufunzwa na wote wawili: moshi ni malezi ya mama, na pipa ni ulimwengu.

Mapipa nayo yana maisha yao ya awali. Mengi hutoka Marekani, ambako sheria inataka wiski ya mahindi iitwayo bourbon itiwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Kikishatumika mara moja hakiruhusiwi tena kwa bourbon, basi huuzwa, na Waskoti hukipokea. Pipa la namna hiyo, la lita zipatazo 200, huacha harufu ya vanila na nazi. Mengine ni makubwa, ya lita zipatazo 500, yaliyowahi kukaliwa na divai ya Jerez ya Hispania, nayo huacha zabibu kavu, tende na viungo. Humo ndani wiski hupungua kwa kuvukizwa, kama asilimia 2 kila mwaka, hata baada ya miaka 10 pipa huwa limepoteza karibu sehemu moja ya tano. Waskoti huiita sehemu hiyo iliyopotea fungu la malaika.

Tulianza na chupa ya kwanza, Ardbeg ya miaka 10, iliyolelewa katika mapipa ya bourbon, yenye nguvu ya asilimia 46. Rangi yake ilikuwa hafifu kama majani makavu. Sisi tuliokunywa tulisema tulichoweza: moshi, chumvi, ndimu. Mwenzetu aliinua bilauri yake, akaipitisha chini ya pua, akaiondoa, akairudisha. "Hapa pana kamba ya mashua iliyotiwa lami," akasema. "Chini yake pana ndimu iliyokatwa kwa kisu kilichotoka kukata kitunguu. Na mbali sana, tui la nazi." Tukaonja tena, na kila alichokitaja tukakikuta.

Mwenyeji akatueleza kwamba ndivyo ilivyo hata viwandani. Wachanganyaji wakuu hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa pua, baada ya kuzimua kwa maji, kwani mdomo huchoka upesi. Nasi tukatia matone machache. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kemikali ya moshi iitwayo guayakoli hupenda kukaa juu, mahali kimiminika kinapokutana na hewa, pale pombe inapozimuliwa kwa maji. Kweli moshi ulipanda, na nyumba nzima ikanukia kama jikoni la kuni.

Chupa ya pili iliitwa Corryvreckan, kwa jina la kizingia kikali cha bahari kilicho kaskazini ya kisiwa cha Jura, ambako mwaka 1947 mwandishi George Orwell aliponea chupuchupu kuzama. Nguvu yake ni asilimia 57.1, na katika malezi yake umo mwaloni wa Ufaransa. Moshi ulikuwa uleule, ila sasa ulikuja na pilipili manga, kahawa iliyoungua kidogo na ukali wa majani ya chai. Ulimi uliwaka. Mwenzetu aliinusa kwa tahadhari, akatabasamu: "Huyu hafichi kitu. Anakwambia tangu mlangoni kwamba yeye ni moto."

Tukaja kwenye ya tatu, Uigeadail, iliyopewa jina la ziwa ambalo kiwanda huchota maji yake. Nguvu ni asilimia 54.2, na humo mapipa ya bourbon yamechanganywa na mapipa ya divai ya Jerez. Rangi ilikuwa nzito, kama kaimati zilizoiva. Tulipoonja tulishangaa: moshi ulikuwapo, lakini ulikuwa umevikwa tende, zabibu na sukari guru. Ukali ambao kwa hesabu haukuwa mbali na ule wa pili hatukuusikia. Mmoja wetu akasema hii ndiyo bora kuliko zote, na sote tukakubali.

Tulipogeuka kumtazama mwenzetu ili atusomee, bilauri yake ilikuwa chini ya pua na macho ameyafumba. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko mara mbili za kwanza. Kisha akaiweka mezani, akaisukuma kwa ncha ya kidole hadi katikati ya meza, na kusema, "Hii siinusi tena. Hii inaniita."

Akasimama, akaenda jikoni. Tukasikia maji yakitiwa katika birika.

Wapendwa, hatukuwa na la kusema. Hapo ndipo kule kufarijika kwetu kwa mwanzo kulipotuhukumu. Aliposema pua haimleweshi mtu, tuliipokea kauli yake upesi kwa sababu ilitufaa sisi. Hatukumwuliza imemgharimu nini miaka ile minne. Hatukumwuliza kama ule uhodari wa pua yake, tuliokuwa tukiushangilia kama mchezo, aliupata kwa furaha au kwa maumivu. Mwenye hekima alikuwa mwenyeji aliyenyosha mkono aondoe chupa, na sisi sote tulishukuru alipozuiwa.

Mwenyeji alizifunga chupa zote tatu na kuzipeleka chumba kingine. Mwenzetu aliporudi na chai ya tangawizi na vikombe vinne, tulimwomba radhi. Aliketi, akamimina, akasema maneno ambayo tunayaandika hapa kwa ruhusa yake: "Msijilaumu kupita kiasi. Hata mimi nilitaka kujua kama nimekwisha kupona. Zile mbili za kwanza zilikuwa kali, nami ukali sikuuogopa kamwe. Kilichoniangusha zamani hakikuwa kikali. Kilikuwa kitamu, na kilikuja na marafiki." Kisha akaongeza, "Siku nyingine mkinialika, nialikeni kwenye chai."

Hatutaki kuwadanganya kwamba wiski zile zilikuwa mbaya. Zilikuwa kazi ya mikono yenye ustadi na subira. Hati za hazina ya ufalme wa Uskoti za mwaka 1494 zinamtaja mtawa John Cor aliyepewa vipimo vinane vya kimea ili atengeneze kinywaji cha kunerekwa, kwa amri ya mfalme, na jina la wiski lenyewe latokana na maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai. Wala hatutaki kuficha kwamba Shirika la Afya Duniani, mwezi Januari 2023, lilitamka kuwa hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Kwetu husemwa kwa ufupi zaidi: pombe si chai. Mambo hayo mawili, uzuri na hatari, yalikuwa pamoja katika bilauri moja, na hatukuweza kulimimina moja tukaliacha la pili.

Tunalolitafakari ni lile pipa la tatu. Utamu haukuupunguza moto, uliufunika tu. Sisi tuliokuwa na ulimi tuliuita ubora. Aliyekuwa na pua peke yake, na kovu, ndiye aliyetambua kilichokuwa chini ya kanzu. Mara ngapi nasi, katika nyumba zetu, tunamhesabu mwenye kovu kuwa mtu wa kuhurumiwa, kumbe yeye ndiye ajuaye njia ilipobomoka?

Asubuhi tulimkuta ameamka kabla yetu. Bilauri zilikuwa bado mezani, zimekauka usiku kucha. Kabla hatujaziondoa, alitupa ruhusa kwa kichwa, nasi tukazinusa moja moja. Vanila ilikuwa imetoweka, pilipili imetoweka, na zabibu pia. Katika zote tatu ulibaki moshi peke yake, uleule wa mboji ya kisiwa, hata hatukuweza kusema ipi ilikuwa ya pipa gani. Tukaziosha kwa maji ya moto, tukafungua madirisha, na mwenyeji akabandika uji.

Wahenga wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni ile alikuja mgeni, na waliohitaji kuponywa walikuwa wenyeji. Juma hili, kabla ya kumkaribisha mtu mezani petu, tujiulize kwanza tunamkaribisha yeye au tunakaribisha raha yetu. Tena akisema, "Msijali, mimi nitanusa tu," tusiwe wepesi wa kufarijika.

Tunawatakia juma lenye utulivu.