Jiwe Ulilofutika Begini

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Lile jiwe jeusi uliloliokota shambani likizo iliyopita si jiwe, ni mavi ya chuma. Lishike tena. Lina uzito kuliko ukubwa wake, upande mmoja limeganda kama uji uliomwagika, na chini yake kuna michirizi yenye vifundo. Hiyo ni chapa ya matete. Wahunzi wetu wa Buhaya, huku Bukoba, walikuwa wakichoma matete kwenye shimo la tanuri, wakalijaza mabaki yake yaliyoungua.

Umeandika kwamba wazee “waliyeyusha mtapo mpaka chuma kikachuruzika.” Hapo mwalimu akikukata maksi, usinung’unike. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, nao hawakuhitaji kukiyeyusha. Mtapo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, ndugu wa kutu: katika kilo 100 za oksidi safi, Fe₂O₃, kilo 70 hivi ni chuma, zilizobaki ni oksijeni. Kazi ni kuwaachanisha, na mwachanishaji mkuu ni kaboni monoksidi, ile hewa ya mkaa unaoungua bila kushiba pumzi. (Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko chumbani, basi uiogope.) Hupenya kwenye mtapo, hunyakua oksijeni, hutoka ikiwa kaboni dioksidi. Chuma hubaki bonge gumu lenye matundu, la kufuliwa kwa nyundo. Kinachochuruzika, kwenye nyuzi 1,200 hivi, ni silika iliyojishikiza na oksidi ya chuma, ndiyo hayo mavi. Kwa hiyo begini mwako kimo chuma kilichowaponyoka wazee.

Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya waliingiza mirija ya mivuo ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kukutana na mkaa. Wataalamu wengine wamewabishia, nami siwaamui. Kinachonishangaza ni wale wazee waliolijenga tanuri upya mbele ya Schmidt na Avery, kwa kumbukumbu tu, miaka mingi baada ya majembe ya dukani kuwanyang’anya kazi.

Ukija Desemba uje na hilo jiwe lako na sumaku, tulijaribu. Kisha ulirudishe pale pale ulipolitoa.

Mjomba wako