Mistari ya biki ya mama

Kwa miaka kumi kitambaa hiki kimekaa ndani ya mfuko wa salfeti. Kimehama na sisi kutoka hema mpaka nyumba ya matofali, na kila tulipohama mume wangu aliuliza, "Na hiki bado tunabeba?" Nikasema ndiyo, bado tunabeba. Najua hapa Nyarugusu kila nyumba ina kitu cha namna hiyo. Jirani yangu ana ufunguo wa mlango wa kwao Nyanza-Lac, unaning'inia msumarini, na mlango wenyewe uling'olewa zamani.

Cha kwangu ni uso wa blanketi la viraka. Uso tu, hakuna tumbo wala mgongo. Viraka 48, sita kwa nane, kila kimoja sentimita 25. Mama alivikata kutoka mabaki ya vitenge vya wateja wake. Alikuwa fundi cherehani Rumonge, kwenye baraza karibu na soko. Kwa wasioijua Rumonge: ni mji wa samaki na mawese, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya kando ya ziwa. Asubuhi unanusa ndagala walioanikwa, mchana unanusa mawese yanayochemshwa, na nguo zote za mjini zinabeba harufu hizo mbili.

Blanketi lilikuwa la harusi yangu. Lakini vitenge vingi vya mama vilitoka soko kuu la Bujumbura, na Januari 2013 soko lile likaungua. Bei ikapanda, wateja wakapungua, mabaki yakapungua. Harusi ikapita, blanketi halijaisha. Mama akasema litaisha kwa mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza akaja, halijaisha. Alikuwa ameunga viraka vyote na ameanza kuchora ramani ya ushonaji juu yake, safu ya kwanza tu, viraka sita: mawimbi, mistari mitatu mitatu. Alichora kwa kalamu ya biki. Nikamwambia, "Mama, biki haitoki." Akanijibu, "Nitapitisha uzi juu yake. Nani ataiona?"

Mei 2015 tuliondoka. Mama alikataa kuja. Mwaka 1972 alivushwa ziwa akiwa mtoto mdogo, akarudi akiwa mtu mzima, akasema, "Mimi nilishakimbia. Safari hii nendeni nyinyi." Akanifungia mwanangu mgongoni kwa kile kitambaa. Sikuangalia ni kitambaa gani mpaka tulipofika Kagunga.

Waliopita Kagunga hawahitaji kuelezwa. Kwa ninyi wa mashirika mliokuja baadaye: ni kijiji cha Tanzania chini ya mlima, ziwa mbele, mlima nyuma, na wakati ule sisi maelfu kwa maelfu tulijaa kwenye ukanda mdogo wa mchanga. Kipindupindu kilituingilia. Meli ya Liemba ilisimama mbali majini kwa sababu hakuna gati, watu wakapelekwa kwa mitumbwi. Tulisubiri zamu. Blanketi la harusi lilikuwa kivuli mchana na shuka usiku. Ndipo tukapelekwa Kigoma, tukalala uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka hapa. Nililifua, nikalikunja, nikaliweka kwenye salfeti. Nikasema nitalimalizia nyumbani.

Hiyo "nitamalizia nyumbani" nimeisema kwa mambo mengi. Nadhani wengi wenu pia.

Mwaka 2019 simu ikaja: mama amefariki. Ndugu walimzika kule, mimi nikakaa matanga hapa, majirani wakaniletea sukari na kuni. Baada ya hapo sikuufungua ule mfuko kabisa.

Aliyeufungua ni binti yangu, mwaka huu, alipokuwa anamfukuza panya. Amezaliwa hapa 2016. Akalitandaza chini, akaweka kidole kwenye biki. "Mama, nani alichorachora hapa?"

"Bibi yako."

"Ni nini?"

"Ni maji."

Akaangalia tena. "Maji gani yana mistari?"

Mtoto wa miaka tisa, kwao ni Rumonge, na maji anayoyajua yanatoka bombani yanaingia ndooni. Hajawahi kuona maji yanayokuja na kurudi. Jumamosi ile ile nikaenda kuomba zamu ya cherehani kwenye kikundi chetu cha akina mama.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana wengine wameniuliza.

Blanketi la viraka lina matabaka matatu. Katikati niliweka blanketi la kijivu la UNHCR, lile la zamani, lililochakaa likawa laini. Mgongo ni shuka la pamba. Unatandaza mgongo, juu yake blanketi, juu yake uso, unapapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo iishe, halafu unapiga bandi kwa mkono, mishono mirefu, kila baada ya upana wa kiganja. Usiruke hatua hii. Mimi niliharakisha upande mmoja, mgongo ukajikunja chini, ikabidi nifumue jioni nzima.

Halafu kuchora. Chaki ya shule inaonekana vizuri lakini inafutika ukikunja blanketi mara mbili. Kipande cha sabuni kilichokauka, kilichonolewa kama kisu, ndicho kizuri: mstari unakaa, na ukifua unaondoka. Kwenye vitenge vyeupe sabuni haionekani, hapo nilitumia mkaa kidogo sana. Ili mawimbi yafanane na ya mama, nilikata ruwaza kwenye katoni ya mafuta ya kula. Niliweka katoni juu ya biki yake, nikafuata kwa penseli, nikakata. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, nikaharibu katoni. Ya pili ikakubali.

Cherehani yetu ni ya kukanyaga, na meno yake yanavuta kitambaa mbele tu. Kwa wimbi unataka kwenda kila upande. Kwa hiyo nilifunika meno kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano, nikabandika kwa gundi ya karatasi, nikalegeza skrubu inayokandamiza mguu. Lakini mguu lazima ushushwe, usipoushusha uzi wa juu unakosa mkazo na chini yanatoka mafundo kama kiota. Blanketi lote halipiti chini ya mkono wa mashine, kwa hiyo unalikunja kama mkeka na kuanzia katikati. Miguu haraka, mikono polepole: mshono mdogo. Miguu polepole, mikono haraka: mshono mrefu kama wa gunia. Nilivunja sindano nne.

Mimi nilipanga kuchora ziwa lote. Mawimbi, michikichi, samaki, na taa za wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa ndagala wanawasha taa majini, na ukiwa ufukweni unaona kama mji mwingine umejengwa kule. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa sababu samaki hawaifuati taa. Haya yote nilimwambia binti huku nachora. Nikampa kiraka kimoja achore samaki. Akachora samaki wa kwenye kitabu cha shule, wa duara, ana tabasamu. Nikamwambia mukeke hayuko hivyo, ni mrefu, mwembamba. Akafuta, akachora tena duara. Nikanyamaza.

Siku iliyofuata nikakuta amechora viraka vitatu vya pembeni bila kuniuliza. Bomba, na foleni ya ndoo. Mti wa mwembe ulio karibu na shule yao. Nyumba yetu na mlango wake wa bati. Amekandamiza sabuni kwa nguvu kweli.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia hili ni blanketi la Rumonge, siyo la kambi. Nikachukua kitambaa chenye maji nifute.

Akasema, "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Alikuwa anauliza juu ya blanketi. Alitaka kujua achore wapi. Lakini mimi nilisikia swali lingine, lile tunaloulizwa kila mara na wale wanaokuja kuandikisha wanaotaka kurudi, na mimi kila mara nasema "bado nafikiria". Nikaweka kile kitambaa chini.

Usiku nilimpigia kaka yangu. Nilitaka anithibitishie jinsi ufukwe ulivyo pale tulipokuwa tunafulia, lile jiwe liko upande gani, nisije nikachora uongo. Akacheka. Akaniambia, "Dada, ile sehemu maji yalishaimeza. Ziwa lilipopanda, watu walihama na mabati yao. Jiwe gani unalolitafuta?"

Basi. Mimi namsahihisha mtoto samaki, kumbe ufukwe ninaomfundisha uko chini ya maji.

Asubuhi nikashona bomba. Ndoo zake ni miraba midogo, na ni kazi ngumu kuliko mawimbi, kwa sababu kila kona lazima usimamishe sindano ikiwa chini ndipo ugeuze. Nikashona mwembe. Nikashona mlango wa bati. Samaki wa duara nikamwacha na tabasamu lake. Safu ya mama nikaiacha mwisho.

Siku ya kuonyesha kazi za kikundi, dada mmoja mgeni alipenda sana, akauliza bei. Alinitajia hela ambayo, kwa mgao wa siku hizi, ilinifanya nishindwe kulala. Mume wangu hakusema neno, na hilo nalimshukuru. Nilimjibu yule dada kwamba halijaisha. Ilikuwa kweli, utepe wa pembeni ulikuwa bado. Dada, kama unasoma hapa, usidhani nilikudharau. Nitakushonea lingine, chagua vitenge.

Mwezi wa sita baridi ilipoanza nilikuwa nimemaliza utepe. Nikalifua. Mistari ya sabuni yote ikatoka, na mkaa pia. Biki ya mama haikutoka. Alisema atapitisha uzi juu yake na hakuna atakayeiona. Mimi sina mkono wake: uzi wangu unapanda juu ya mstari, unashuka, mahali pengine unauacha kabisa kwa upana wa kidole. Kwa hiyo wimbi lake liko pale, la bluu, na langu liko pembeni yake.

Binti ndiye analalia upande huo. Usiku kabla hajalala anapitisha kidole, kwanza kwenye biki, halafu kwenye uzi. Juzi ameniuliza kama maji ya kule ni ya bluu hivyo hivyo. Nikamwambia inategemea na saa.